Taa za Mchana za Mjomba

Mfuniko wa birika uligonga-gonga gizani. Mama alizima jiko kwa kupapasa, mtoto asije akashtuka, kisha akafungua mlango. Kumbe kumekucha, ila ukungu umemeza hata lango la jirani.

Moyo ukampiga paa. Mjomba!

Mjomba wake ndiye aliyepeleka watoto wa mtaa shuleni kwa gari lake dogo, na wa mama akiwemo. Jana alikuja amenuna. "Kila dereva ananimulika. 'Mzee, umesahau kuzima taa!' Nimechoka kuwa kichekesho. Nizimie hizi za mchana, mwanangu. Si umesomea umeme wa magari?"

Kusomea alisomea, madarasa ya jioni, mtoto mgongoni. Taa zile huwaka zenyewe kwa mwanga mdogo injini ikiwashwa, na huzimika hendibreki ikivutwa. Basi akakata waya utokao kwenye hendibreki kwenda kisanduku cha taa, kipande cha upande wa kisanduku akakifunga kwenye chuma cha bodi ya gari, jinsi hendibreki inavyofanya ikivutwa. Tangu hapo kisanduku kikaamini gari limeegeshwa, hata likiwa mbioni.

"Na giza likiingia?" Mjomba aliuliza.

"Hilo jicho la kwenye dashibodi litawasha taa kubwa lenyewe. Wewe endesha tu."

Sasa, pale mlangoni, akili ikamjia. Jicho lile hupima mwanga, basi. Ukungu ni mweupe. Kwa jicho, huo ni mchana mzuri tu.

Simu ya Mjomba iliita weee, haikupokelewa. Akambeba mtoto, viatu mkononi, plaia na utepe wa umeme mfukoni, mbio hadi barabarani.

Walisikia breki kabla ya kuona gari. Muuza mikate alikuwa anajikokota kutoka mtaroni, goti linavuja damu, baiskeli huku, mikate kule matopeni.

"Umetokea wapi wewe, kuzimu? Hata taa huna!"

"Nimeambiwa zinajiwasha..." Mjomba alianza. Akamwona mpwa wake. Akageuza maneno. "Nisamehe, ndugu yangu. Uzee huu, macho hayaoni."

Alikuwa anamsitiri. Hilo likamchoma mama kuliko matusi.

"Macho yake mazima," mama alisema. "Taa nilizizima mimi. Na mimi ndiye niliyemwambia asiwe na wasiwasi."

Muuza mikate akamtazama juu mpaka chini. "Fundi wewe? Labda fundi wa majeneza!"

Mama alijipenyeza chini ya dashibodi, akaufungua waya kwenye bodi, akauunga na mwenzake, akauzungushia utepe. Mjomba akawasha injini, akashusha hendibreki. Mwanga mdogo ukatoboa ukungu, na watoto ndani wakashangilia kana kwamba ni sherehe.

Mama akapiga magoti, akamvalisha mwanawe viatu. "Haya, panda, mpenzi. Liko salama sasa."

Mtoto alizitazama taa, akaitazama mikate matopeni, kisha akamtazama mama yake.

"Mimi leo nitakwenda kwa miguu."