Naomba Nijulishwe

Chausiku alitoka eda siku ya Jumatano, na Alhamisi alfajiri alikwisha panda basi la Shinyanga. Miezi minne na siku kumi alikuwa amejifungia katika nyumba yake ya Kalangalala, mjini Geita, hajavaa rangi wala kujipaka manukato, akimkalia marehemu mumewe Zamoyoni kama dini inavyomtaka mke. Wapo wajane wanaokaa eda kwa jicho moja, la pili liko sokoni. Chausiku hakuwa wa hao. Alikaa eda nzima nzima, na aliyetaka kumlaumu kwa jambo lolote, la eda asingelipata.

Kilichomtoa mbio ni nyumba hiyohiyo. Zamoyoni hakuacha mengi: karasha moja ya kusagia mawe ya dhahabu, nayo mbovu, pikipiki, na nyumba ya vyumba vitatu. Kiwanja alikinunua yeye, lakini matofali yalipanda kwa wali na maharage ambayo Chausiku aliwapikia wachimbaji miaka kumi na mmoja, moshi ukimtoa machozi na wao wakimtania kwamba analilia nyama. Hati ikaandikwa jina la mume peke yake. Ni mke gani, mumewe yu hai na anacheka naye, atakaa chini kumdai aandikwe kwenye hati? Wanaosema wangedai, hawajaolewa bado.

Sasa mirathi ilikuwa imefunguliwa kwao marehemu, huko Maganzo, alikoanza na almasi kabla ya kukimbilia dhahabu. Aliyeifungua ni mdogo wake, Swaleh. Chausiku alitaka kitu kimoja tu, jina lake liingie kwenye jalada kama mke, asije akatolewa ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mpangaji aliyeshindwa kodi.

Habari za mirathi alizipata siku ya khitma ya arobaini. Swaleh alisimama nje ya pazia la chumba cha eda, akakohoa, akasema kwa sauti ya asali:

"Shemeji, mahakamani nimekwisha anza. Wewe tulia na eda yako. Mambo ya makaratasi tuachie wanaume."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima Chausiku utulivu. Mtu akikwambia tulia kabla hujashtuka, ujue lipo la kushtukia. Kwenda Maganzo hakutaka. Sheikh angemruhusu, maana dharura ni dharura, lakini hakumuuliza. Alikuwa amejiapiza kwamba mume huyu atamkalia pasipo doa. Akamwita jirani yake Violeth, mwenye steshenari pale barabarani, wakaandika barua. Violeth alijua kuandika. Barua ilisema: mimi Chausiku, mjane wa marehemu, niko eda na siwezi kufika, naomba nijulishwe kila karatasi itakayoletwa katika shauri hili na mtu yeyote, kabla hatua yoyote haijachukuliwa.

"Tuweke namba yako ya simu hapa chini," alisema Violeth.

"Hapana," akadakia Bi Mwamvua, shangazi yake Chausiku, aliyekuja kutoka Tabora kusimamia eda. "Makarani ni wanaume. Mwanamke wa eda hapokei sauti za wanaume asiowajua, usiku na mchana wakimuuliza habari zake. Kwetu hilo halijapata kutokea."

Chausiku naye alilelewa hivyo, wala hakubisha. Akaweka namba ya Samia, binti yake wa pekee, mwalimu mpya wa shule ya msingi huko Masumbwe. Namba ya mwanao si ndiyo yako? Violeth akaipeleka barua kwa mkono wake na kurudi na nakala yenye muhuri wa mahakama, na Chausiku akailaza chini ya godoro. Tangu siku hiyo alilala.

Kila Ijumaa alimpigia Samia. "Mahakama imesema nini?"

"Bado, mama. Hakuna jipya."

Alidhani ni desturi ya mahakama kwenda taratibu. Mungu amsamehe kwa kudhani hivyo. Wengi wetu tungedhani hivyohivyo.

Siku ya safari Samia alipandia Masumbwe, akaketi karibu na mama yake, na njia nzima hakusema maneno kumi. Alikataa chai na maandazi. Kufika Kahama akaomba dirisha lifunguliwe, akatapika. Chausiku alimtazama kwa pembe ya jicho, akajisemea moyoni kwamba mwanangu ana mimba na anaogopa kuniambia. Akaamua kumwacha aseme mwenyewe. Moyoni, katikati ya msiba, akaona raha kidogo.

Mahakama ya mwanzo ya Maganzo ilikuwa jengo dogo lenye veranda, watu wamekaa kwenye mabenchi na bahasha zao. Karani, bwana mmoja mnene mpole aitwaye Stanslaus, alipolisikia jina alisimama kabisa, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu. Kumbe wewe ndiye mwenye ile barua!"

"Marahaba, baba. Ndiye mimi."

"Nina miaka tisa hapa. Sijaona mjane aliyeandika barua kama ile. Hakimu aliisoma mara mbili. Akaniagiza, huyu mama asirukwe, ajulishwe kila kitu."

Chausiku alisikia fahari ikimpanda. "Sasa mbona hamkunijulisha?"

Karani alikunja uso. Akalifungua jalada, akalamba kidole, akapekua. "Tumekujulisha, mayu. Mara nne. Kila ujumbe nimeuchapa na jibu lake nikaliambatanisha, maana hakimu alisema hivyo." Akasoma, kidole kikishuka na mistari. Aprili: maombi ya Swaleh yameletwa pamoja na viambatanisho, njoo uvisome. Jibu: nimepokea, asante. Mei mwanzoni: tangazo limebandikwa, mwenye pingamizi alete. Jibu: nimepokea. Mei mwishoni: siku ya kusikilizwa imepangwa, je, una pingamizi? Jibu: nimesoma yote, sina pingamizi, mimi Chausiku. Juni: Swaleh ameteuliwa msimamizi wa mirathi, na nyumba ya Kalangalala imo katika mali zitakazouzwa, warithi wagawane. "Huu wa mwisho ndio haukujibiwa," alisema karani.

Chausiku hakugeuka kumtazama binti yake. Shingo ilikataa.

"Hao warithi ni nani?"

"Samia binti Zamoyoni. Na mama mzazi wa marehemu, na Swaleh mwenyewe. Na..." Karani alisita. "Wewe jina lako halimo, mayu. Imeandikwa kwamba ulikwisha achwa. Nakala ya talaka iko hapa."

Akamgeuzia jalada. Ilikuwa karatasi moja iliyochapwa, ya tarehe ya miaka miwili nyuma, ikisema kwamba Zamoyoni amempa mkewe Chausiku talaka tatu mbele ya mdogo wake. Chini, mahali pa saini, palikuwa na dole gumba la wino wa buluu.

Zamoyoni alikuwa na saini yenye mikia miwili. Aliitia hata kwenye vikaratasi vya kupimia mawe, akajisifu kwamba hakuna mhuni wa machimboni atakayeweza kuiiga. Na Chausiku akakumbuka siku ya mwisho hospitalini, mgonjwa hajui tena hata jina lake. Alikuwa ametoka kuchukua uji, na aliporudi alimkuta Swaleh kando ya kitanda, ameushika mkono wa kaka yake, anamfuta kidole kwa pembe ya shuka. Alidhani shemeji yake anampapasa ndugu yake kwa huruma. Alimwonea hata imani.

"Ni ya uongo," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Baba, hii ni ya uongo. Mume wangu alijua kuandika. Hapa walimshika mkono akiwa hajitambui."

"Nakuamini," alisema karani, na upole wake ulimuumiza Chausiku kuliko ukali. "Ungekuja na maneno hayo ndani ya muda, hakimu angemwita Swaleh, angeulizwa habari za hilo dole mpaka atoke jasho. Hata sasa unaweza kuomba usimamizi utenguliwe. Lakini hakimu atakuuliza kwanza, ulikuwa wapi? Wengine husema hatukujua kama kuna kesi, na wakasikilizwa. Wewe uliandika ukaomba ujulishwe. Ukajulishwa. Ukajibu. Usingeiandika hii barua, mayu, ungekuwa na la kusema. Hii barua ndiyo inayokufunga."

Alichukua kalamu. "Labda kama namba hii si yako. Kama yupo mtu aliyezipokea na kujibu kwa jina lako bila wewe kujua, hilo ni jambo jingine kabisa. Naliandika, unaapa, kesi inaanza upya. Na huyo mtu atashtakiwa kwa kuidanganya mahakama. Hakimu wetu katika hilo hana mchezo."

"Nipe dakika mbili, baba."

Alitoka nje hadi nyuma ya jengo, na Samia akamfuata kama aliyevutwa kwa kamba. Msichana alikuwa amepauka. Hakuwa na mimba.

"Sema."

"Baba mdogo aliiona namba yangu kwenye jalada, akanipigia siku ileile ujumbe wa kwanza ulipoingia," alisema Samia. "Aliniambia ukiiona ile karatasi utavunja eda, utakuja hapa kupiga kelele mbele za watu, na pengine moyo utakupasuka ufe kama baba. Akasema nikuache umalize kwa amani, halafu tutayamaliza kifamilia. Aliapa kwa kaburi la baba kwamba nyumba haitaguswa. Na wewe mwenyewe, mama, kila siku ulikuwa unasema unataka kumkalia baba bila doa."

"Na 'sina pingamizi'?"

"Alinitumia yeye maneno, mimi nikayapeleka. Alisema ni ya kusogeza mambo tu."

"Jina langu uliliweka kwa nini?"

Machozi yalimshuka Samia, akayaacha.

Chausiku alitamani kumpiga. Mkono ulinyanyuka, ukafika nusu, ukashuka. Alimtazama binti huyu aliyesomeshwa kwa wali na maharage, ambaye ajira yake haijatimiza mwaka, ambaye alipopangiwa shule alimletea mama yake barua ya serikali na wote wawili wakaibusu kama wendawazimu. Mwalimu akishtakiwa kwa jinai, nani atamrudisha darasani? Nyumba hujengwa mara ya pili, watu husema. Wanaosema hivyo hawajafika miaka arobaini na tisa wakiwa na mgongo wa mpika wali. Hataijenga tena. Alilijua hilo vizuri, kama alivyojua jina lake.

Alirudi ndani. Karani alikuwa ameshika kalamu vilevile.

"Hii namba ni ya nani, mayu?"

"Ni yangu."

"Mama!" aliita Samia mlangoni.

"Nyamaza, watu wazima wanazungumza." Hakugeuka. "Ni yangu, baba. Zilinifika zote. Nilizisoma mwenyewe."

Karani alimtazama mama, akamtazama binti, akamtazama mama tena. Hakuwa mjinga. "Mayu, fikiri kwanza. Nikishaandika, nimeandika."

"Nimefikiri. Andika."

Akaandika. Alichukua muda mrefu kwa maneno machache kiasi kile, kisha akafunga jalada na kulisukuma pembeni. Alimweleza kwamba msimamizi atamletea notisi ya kuondoka, na kwamba kwa kawaida hutoa siku thelathini. Chausiku alimshukuru. Hata alimwombea kheri ya kazi, maana alilelewa vizuri, na malezi mazuri ndiyo yaliyomfikisha pale.

Nje jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Barabarani wachuuzi wa almasi walikuwa wamechuchumaa na vijaluba vyao, wakiita wapita njia kwa kunong'ona. Samia alimshika mama yake miguu, palepale kwenye changarawe, mbele ya watu wa bahasha.

"Nisamehe, mama. Nisamehe."

"Inuka. Unachafua nguo ya kazi."

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe," alisema Chausiku. "Nimekufichia tu. Hivyo ni vitu viwili."

Akaanza kutembea kuelekea stendi. Samia alijifuta magoti, akamkimbilia, akampokea mkoba, na mama akauachia mkoba bila kumtazama. Walitembea hivyo mpaka wakaanza kuyaona mabasi. Chausiku alikuwa na swali moja, na hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza duniani.

"Huko Masumbwe una vyumba vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Na kitanda?"

"Kimoja."

Chausiku alisimama kupisha lori la mawe, akangoja vumbi litulie.

"Basi nitafutie mkeka," alisema. "Kitanda kimoja na wewe sitalala."