Maji ya Kwanza

Bernadina alikuwa amefika kwenye kola. Kola ya ovaroli ya Mageni ilikuwa ngumu kama gome la mti, na kila alipoisugua ilitoa tope jekundu, kisha la kijivu, kisha jekundu tena, kana kwamba mwenyewe bado yumo ndani anachimba.

"Huyu Mageni anavaa nguo au anavaa kilima?" aliuliza.

"Ya Mageni afadhali, mama," alijibu Wema, mke wa mwanawe Edward. "Tazama suruali ya Athumani. Nimeiweka chini ikakataa kulala."

Kweli, suruali ya Athumani ilikuwa imesimama ukutani bila mtu ndani, magoti yamekunjwa kidogo, kama mtu anayengoja zamu yake. Bernadina aliitazama akacheka mpaka sabuni ikamponyoka.

Ilikuwa tarehe ishirini na tatu Desemba, hapo kwenye machimbo ya Nyarugusu, na uani kwake palikuwa na rundo la nguo za wachimbaji ishirini na tisa. Nyumba nyingine zilikuwa zinachagua jogoo wa kuchinja. Nyumba ya Bernadina ilikuwa inafua, kama ilivyofua kila Krismasi kwa miaka kumi na mmoja.

Ilianza mwaka ule shimo la kuchimbia, duara kama wanavyoliita wenyewe, lilipomfunika Edward. Wenzake walichimba siku mbili bila kulala, mwishoni wakichimba kwa mikono mitupu, hadi walipomtoa akiwa hai na akiomba soda. Bernadina hakuwa na ng'ombe wa kuwapa. Siku ya Krismasi aliwaona wamekaa nje ya kambi yao wakati kengele inalia, akawauliza mbona hawaji kanisani.

"Kwa nguo gani, mayo?" Mageni alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Sisi hatuna nguo, tuna tope."

"Mwanangu mmemtoa kwenye tope," alisema Bernadina. "Basi na mimi nitawatoa."

Aliahidi mbele ya Mungu, na tangu hapo kila Desemba nyumba nzima ilikunja mikono. Walifua za Wakristo na za Waislamu. Athumani, Mrangi wa Kondoa na Mwislamu, mwaka wa kwanza aliuliza kama shati lake litarudi limebatizwa. Aliambiwa litarudi limekauka, akalitoa.

Walifua kwa utaratibu. Maji ya kwanza yalikuwa ya kutoa tope, ya pili ya sabuni, ya tatu ya kusuuza. Maji ya kwanza mumewe, Damian, aliyamwaga kwenye tuta la mchicha. Lakini mwaka huu mvua ilikuwa imelijaza tuta mpaka mchicha unaelea, naye Damian akakataa kuuongezea hata tone. Kwa hiyo karai la maji ya kwanza lilikaa kivulini tangu asubuhi, likatulia.

Wema alikwenda kulimwaga nje. Alikuwa amekulia kwenye kazi ya kuosha udongo wa dhahabu, karai likiwa mkononi kabla ya kalamu. Aliliinamisha, na mikono yake ikaanza kulizungusha yenyewe, taratibu, maji yakitoka kidogo kidogo, tope likifuata.

"Mama," aliita. "Njoo uone. Ila usipige kelele."

Bernadina alikuja, akaona, akapiga kelele.

Chini ya karai, kwenye ukingo wa mchanga mweusi, kulikuwa na uzi wa njano mwembamba kama unyusi wa mtoto mchanga.

Edward alikuja mbio na kamba ya kuanikia mkononi. Damian alikuja polepole, kwa sababu hakuwahi kuja namna nyingine.

"Ni ya nani?" Bernadina aliuliza.

"Imetoka kwenye nguo," alisema Wema.

"Na nguo ni za nani?"

Kila mtu aliutazama mchicha. Miaka kumi na mmoja ya maji ya kwanza ilikuwa imekwenda pale.

"Mama, nyamaza tu," Edward alimsihi. "Ukiwaambia, nguo haziishi leo. Na wengine watasema tulikuwa tunajua. Watasema ndiyo maana tulikuwa tunafua."

Hicho ndicho alichokiogopa Bernadina. Shukrani yake ilikuwa hiyo moja tu, hakuwa na nyingine. Ikigeuka biashara mbele ya macho ya wale waliomrudishia mwanawe, atakuwa amewapa nini? Lakini akinyamaza, itakuwa imegeuka biashara kweli.

Alijifuta mikono. "Kawaite."

"Wote?"

"Kwani walikuchimbua nusu?"

Walikuja wote ishirini na tisa, wakajaa uani, wamevaa walichobakiwa nacho. Mmoja alikuwa amejifunga taulo. Mageni alivaa koti la mvua, na ilionekana hakuna kingine chini yake.

"Shikamoo, Mama Edward," walisema kwa pamoja.

"Marahabani. Sikilizeni." Aliwaonyesha karai. Aliwaeleza kuhusu maji ya kwanza na mchicha, bila kuruka kitu. "Sikujua. Lakini dhahabu ni yenu, na miaka yote hiyo tumeimwaga."

Mageni alimtazama usoni, akashuka taratibu mpaka miguuni.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Miaka kumi na mmoja unatuibia dhahabu, mayo, halafu ndala zako bado zimeungwa na waya?"

Wote wakatazama ndala. Ilikuwa kweli, zimeungwa na waya, zote mbili. Athumani ndiye aliyeanza kucheka, akafuatia wa taulo, akilishikilia kwa mikono miwili, na hapo uwanja mzima ukalipuka. Bernadina alicheka na kulia kwa pamoja, hakujua kipi kilitangulia.

Kisha wachimbaji wakayakumbuka makarai.

"Shati langu nalifua mwenyewe!" Athumani alipiga kelele. "Sogea hapo, mama."

"Rudisha, hiyo ni zamu yangu!"

"Zamu ya nini? Tope langu hilo!"

Walimnyanyua Bernadina kwenye kigoda chake, wakamketisha kivulini kama bibi harusi. Watu ambao mwaka mzima hawakugusa sabuni walifua kama waliorogwa. Walisugua mifuko, walisugua mishono, walikamua mpaka vifungo vikaruka. Wema alipita katikati yao akikusanya maji ya kwanza na kuwagombeza kama mwalimu. Nguo zikaisha, hamu ikabaki.

"Hapa kwa mama," Mageni alisema akifikiri, "vumbi letu linaanguka miaka yote. Kwa hiyo hata nguo zao zina mali."

Dakika hiyo hiyo walimvua Damian koti. Lilikuwa koti la harusi yake, na halijawahi kuonja maji.

"Hapana!" Bernadina alisimama. Sasa walikuwa wanatoa mapazia yake, shuka zake, kitenge chake cha kanisani. "Hizo ni zetu, nitafua mwenyewe! Aliyeahidi ni mimi, ninyi hamkuahidi kitu!"

Damian, aliyebaki na fulana yenye matundu, alikohoa. "Petro naye alikataa kuoshwa," alisema. "Akaambiwa nini?"

Bernadina alijua vizuri Petro aliambiwa nini: asipokubali kuoshwa miguu, hana sehemu na Bwana wake. Alikuwa amelisikia neno hilo kila Alhamisi Kuu tangu utoto, na kila mara alijiona upande wa anayeshika beseni.

"Petro hakuwa na mapazia," alinung'unika. Halafu akavua kilemba chake, akakiangalia, akampa Athumani. "Hicho kinachuja rangi. Usikisugue kama suruali yako."

Jua lilikuwa limeinama Wema alipomaliza kuzungusha karai la mwisho. Vichwa zaidi ya thelathini vilijazana juu yake. Jasho la watu wote hao lilitoa punje moja na vumbi kidogo, vikaunganishwa na ule uzi wa njano, vyote vikatosha juu ya kucha ya kidole gumba cha Mageni.

"Tunagawana vipi?" aliuliza wa taulo.

Mageni aliisogeza kucha karibu na pua ili aione vizuri. Alikuwa ameshinda kwenye povu la sabuni ya unga tangu mchana. Akapiga chafya.

Walitazama kucha. Walitazama hewani. Mtu alianguka chini kwa kicheko, na Damian, ambaye hakuwahi kuharakisha kitu, alicheka kabla ya wote.

Kamba zilikuwa zimejaa kutoka ukutani hadi kwenye uzio, nguo za kambi na za nyumba zimechanganyika, zote bado zinachuruzika. Shuka na koti zilikuwa zimelowekwa, hazijasuuzwa. Hakuna hata nguo moja iliyopigwa pasi.

"Kesho tuje saa ngapi, mayo?" Mageni aliuliza akifunga koti lake la mvua.

Bernadina alitaka kuwaambia wasisumbuke. Neno lilimfika ulimini, akalimeza.

"Saa mbili," alisema. "Na mje na mkaa wa pasi."