Kura ya Kiptanui

Kiptanui alizikwa Januari 2008, mwezi ambao, kwa ghasia za uchaguzi mkuu, barabara ya kutoka Njoro kwenda Nakuru ilifungwa kwa mawe na magogo, na mgonjwa wa kisukari kama yeye hakuwa na njia ya kufika hospitali. Mjane wake, Jebet, hakupata nafasi ya kuomboleza sana. Ng'ombe hawajui matanga. Kila asubuhi alikamua na kupeleka maziwa kwenye chama chao cha ushirika.

Juni chama kilitakiwa kuchagua mwenyekiti. Kimeli, aliyekalia kiti hicho miaka tisa, alishindana na Zeddy, mwalimu mstaafu. Katibu, Hezekiah, akawaambia wanachama kwamba safari hii hakuna kukusanyika. Watu bado wanaogopana, alisema, na wengine waliofukuzwa makwao wako kambini mjini. Kila mtu atapiga kura kwa intaneti, ndani ya siku tatu. Akagawa vikaratasi vyenye nambari na paswadi.

"Hizi paswadi ni nani ameandika?" Jebet aliuliza.

"Ofisi."

"Kwa hivyo ofisi inazijua."

"Mama, hii ni teknolojia. Tusiogope maendeleo."

Watu wakacheka. Jebet akaketi, masikio yakimwaka moto. Mkononi alikuwa na vikaratasi viwili, maana jina la Kiptanui lilikuwa bado kwenye rejista.

Siku ya pili ya kura alienda Nakuru, akaingia saiba, duka la intaneti la mama mmoja wa Kihindi aitwaye Falguni. Hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Ilibidi amtajie Falguni paswadi yake, mtu asiyemjua, huku watu wawili wakisikiliza nyuma yake.

"Mama, hapa inasema ushapiga kura," Falguni alisema.

"Nimepigia wapi? Ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa kwa hiki kitu."

"Jana, saa nne asubuhi."

Jana saa nne Jebet alikuwa shambani akikata majani ya ng'ombe. "Nilimchagua nani?"

"Hiyo haionyeshi. Wameandika ni siri."

"Siri ya nani? Si kura ni yangu!"

Jebet akampa kikaratasi cha pili. Mtandao ulisuasua, ukurasa ukafunguka polepole, na maneno yakawa yale yale: kura imepokelewa, jana, dakika moja baada ya ile ya kwanza.

"Huyu Kiptanui ni mzee wako?"

"Alikuwa. Tulimzika Januari."

Bila kuombwa, Falguni akachapisha kurasa zote mbili, akampa.

Jebet alienda moja kwa moja hadi ofisi ya chama, akazitupa karatasi mezani kwa Hezekiah. Katibu alizisoma, akajikuna shingo.

"Tulisaidia wale hawajui kompyuta, mama. Wengi wangekosa haki yao."

"Na Kiptanui mlimsaidia vipi? Mlienda kaburini mkamwuliza?"

"Punguza sauti, tafadhali."

"Sipunguzi! Januari nililia kwa hiyo barabara nikiomba gari ya kumpeleka hospitali, hakuna aliyenisikia. Leo mtanisikia!"

Akatoka hadi uani, ambako watu wapatao arobaini walikuwa kwenye foleni ya kupima maziwa. Aliwauliza ni nani aliyeenda saiba. Mikono mitatu tu iliinuka. Hakuna aliyecheka.

Hata hivyo matokeo yalitangazwa: katika wanachama mia nne na kumi na wawili, Kimeli alipata kura mia tatu tisini na saba. Afisa wa ushirika wa serikali alipokuja kuhesabu upya kwa malalamiko ya Jebet, Hezekiah alimwonyesha kompyuta, nayo ikatoa nambari ile ile. Hapakuwa na sanduku la kufungua, wala karatasi ya kushika.

"Ukiuliza mwongo mara mbili, atakujibu vile vile," Jebet alimwambia afisa.

"Basi niletee watu, mama. Siwezi kuandika hasira kwenye ripoti."

Kwa wiki mbili Jebet alizunguka shamba kwa shamba, kisha kambini, akiwa na daftari na kidau cha wino. Watu mia mbili thelathini na mmoja waliweka vidole gumba kwamba hawakupiga kura yoyote. Uchaguzi ukafutwa.

Julai walipiga kura upya kanisani, kwa karatasi. Kila moja iliinuliwa juu na kusomwa kwa sauti. Zeddy alishindwa kwa kura tisa. Waliomuunga mkono Zeddy walimsihi Jebet akatae matokeo tena.

"Sikatai," alisema, uso umekunjamana. "Hizi nimezihesabu na mimi."

Kimeli akamjia, mkono mbele, akitabasamu.

"Ile kura ya mume wangu," Jebet akasema, "ni nani aliipiga?"

Kimeli akamtazama Hezekiah, aliyekuwa bado ameketi kwenye meza ya katibu, kalamu mkononi. Hezekiah akatazama chini.

Jebet aliuacha mkono wa Kimeli ukining'inia, akatoka kanisani.