Kigelegele cha Amedeus

Msamala nzima hakuna harusi, kipaimara wala sendofu iliyochangamka bila ulimi wa Mama Dorine. Akiachia kigelegele, hata mbuzi waliofungwa nyuma ya nyumba hunyanyua masikio. Siku asizokuwa na sherehe hukaanga mihogo kando ya uwanja, na huko ndiko alikojifunzia kriketi, kwa macho yake tu.

"Mbona rahisi," huwaambia wateja. "Wawili wanasimama na miko yao, mmoja huku, mmoja kule. Ukirushiwa mpira, uupige, halafu mbadilishane nafasi mbio mbio, mpate alama moja. Vijiti vya nyuma yako vikiangushwa, umekwisha, nenda kakae." Gongo la kupigia mpira watu waliliita mwiko, na kwa kweli ukiliangalia, lilikosa ugali tu.

Watu walikuja kumwona Clinton. Jamani, kijana alikuwa hatari! Aliupiga mpira ukatua juu ya nyumba za watu, wakambatiza Mabati. Bati likilia, uwanja unalipuka, na Mama Dorine ndiye anayeongoza.

Kule upande wa pili alisimama mwenzake, Amedeus. Huyo hakuwahi kuliza bati la mtu. Aliugusa mpira, akakimbia, moja. Akaugusa tena, moja. Wenzake wanatolewa, yeye yupo. Mama Dorine, aliyesonga ugali wa misiba na wa sherehe, alimpenda kwa hilo: hakuachia mwiko mpaka chakula kiive. Lakini kigelegele cha moja unakipigaje? Ulimi haujajikunja, yameshakwisha.

Alhamisi Amedeus alipita kununua mihogo, uso umemshuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuudhi?"

"Jumamosi nacheza mara ya mwisho. Naacha."

"Unaacha? Umerogwa?"

"Nisipokuja, nani atajua kama sipo?"

Swali lilimchoma Mama Dorine. Aliweka upawa chini. "Sikiliza wewe. Jumamosi nitakupigia kigelegele chako peke yako, kisikike mpaka Peramiho. Usipokisikia, acha hiyo kriketi na mimi sitakulaumu."

Amedeus akacheka kidogo. "Haya, Mama. Tumekubaliana."

Sasa Ijumaa ilikuwa sendofu ya kumuaga binti wa jirani anayeolewa, na Mama Dorine kuambiwa akae kimya kwenye sendofu ni kumwonea bure. Alipiga vigelegele mpaka bibi harusi mwenyewe akaziba masikio. Jumamosi asubuhi akafungua mdomo amsalimie mumewe, ikatoka pumzi tu, kama tairi la baiskeli lililotobolewa. Akanywa tangawizi. Akalamba asali. Akasukutua maji ya chumvi mpaka machozi yakamtoka. Wapi! Alibeba karai lake kwenda uwanjani hivyo hivyo.

Wapinzani walikuwa vijana wa Peramiho. Walitangulia kupiga wakajaza alama zao, na Msamala wakaanza kuwafukuzia. Clinton aliliza bati moja, akaliliza na la jirani, watu wakarukaruka. Mara mpira ukampita, vijiti vikaanguka. Akatolewa.

Basi watazamaji wakasimama, wakajipangusa vumbi. "Imekwisha hiyo, twendeni."

"Haijaisha!" alisema Mama Dorine, lakini nani angesikia mnong'ono? Bodaboda zikawashwa, uwanja ukabaki na wachache. Clinton akaja kuketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya karai, akachukua muhogo bila kuuliza.

"Wanakimbilia wapi hawa, na Amedeus bado yupo?" alisema mdomo umejaa. "Mama, mimi navurumisha vile kwa sababu najua yule yuko upande wa pili. Angekuwa mtu mwingine, ningeogopa hata kunyanyua mwiko."

Mama Dorine alimtazama. Akamvuta sikio, akamnong'oneza habari yote ya Alhamisi. Clinton akaacha kutafuna.

Amedeus akagusa, akakimbia. Akagusa tena, akakimbia. Vijana wa Peramiho wakarusha kwa hasira, naye akazuia bila haraka yoyote. Ikabaki moja tu ya kushinda. Mpira ukaja, akausukuma taratibu ukapita kati ya wawili, akakimbia na mwenzake, wakafika! Msamala wameshinda!

Amedeus akageuka moja kwa moja kutazama kwenye karai la mihogo. Mama Dorine akafungua mdomo wote, ulimi ukacheza, shingo ikamkakamaa. Kimya. Uso wa kijana ukaanza kushuka, na Mama Dorine akahisi kulia.

Hapo Clinton akapanda juu ya ndoo, akaweka kiganja mdomoni, akaachia kigelegele. Mwanaume mzima! Kilianza vibaya, kikakwaruza, halafu kikapanda juu kabisa na kikakataa kushuka. Kule barabarani wanawake waliokuwa wanaondoka wakakiitikia bila kujua ni cha nini, kisha wakarudi mbio khanga mkononi.

"Nani anaolewa?" waliuliza wakihema.

"Amedeus!" alijibu Clinton, na vigelegele vikaanza upya, vingi mno, uwanja mzima ukitaja jina hilo.

Amedeus alikuja jasho likimtiririka, anacheka mpaka magego yanaonekana. Akamwinamia Mama Dorine, naye akamnong'oneza kuwa sauti ameiacha kwenye sendofu ya jana.

"Nimekisikia, Mama. Ila kilikuwa kibaya sana. Ijumaa ijayo usiende sendofu ya mtu, maana Jumamosi tunacheza tena."