Gari la Mwalimu Linachemsha

Wateja wanaoniletea gari na jibu mkononi huniudhi. "Fundi, rejeta hiyo, badilisha tu." Kama unajua, spana hizo hapo, ingia chini mwenyewe. Lakini asubuhi ile aliyeingia gereji alikuwa Mwalimu, mke wangu wa zamani, na ukali wote ukaniishia.

"Fundi, gari inachemsha," akasema.

Fundi! Miaka tisa ya ndoa aliniita Bisibisi. Sasa mimi ni fundi tu, kama fundi wa mtu yeyote.

Akanieleza. Amepata uhamisho, aliuomba mwenyewe, mwendo wa siku nzima na njia yote ni milima. Mizigo ilijaa hadi kiti cha mbele. Mtu kamwambia dawa ni kung'oa themostati na kuitupa.

"Nitolee basi, niondoke."

"Sing'oi kitu ambacho sijakipima," nikamjibu, kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka.

Themostati ni kama mlango mdogo. Injini ikipata moto unafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Ukikwama, maji yanabaki ndani yanatokota. Mafundi wengi huung'oa mlango wenyewe, wakasema wametengeneza. Utengenezaji gani huo?

Nikakagua. Maji yapo, mkanda umekaza, feni inazunguka. Nikawasha injini, tukasubiri. Mshale wa joto ulipokaribia nyekundu nikashika mpira wa juu wa rejeta, nikaukuta wa baridi. Hapo nikajua mlango umekwama, na wala sikusema. Nilitaka akae. Nikamwambia tusubiri injini ipoe ndipo nifungue, na hilo lilikuwa kweli. Halafu nikasema lazima tuichemshe themostati aone kwa macho yake, na hilo halikuwa lazima hata kidogo.

Nikainjika sufuria kwenye jiko la gesi, kwenye kile kichumba ninachokiita ofisi. Tukakaa kwenye benchi moja, maana ni moja tu. Alinukia sabuni ile ile. Nilikuwa na hamu naye, na yeye amekaa hapo hapo, bega kwa bega. Hamu ya namna hiyo sijui mtu anaiponya vipi.

Maji yakaanza kurukaruka. Themostati imejifunga, kimya.

"Haifunguki," akasema.

"Haifunguki."

"Na moto wote huo." Akatabasamu. "Ningejua, na wewe ningekutia kwenye sufuria."

Nikacheka, kisha nikakumbuka. Siku aliyofunga mabegi nilikuwa chini ya gari la mteja. Niliona viatu vyake vimesimama kando ya tairi, vinanisubiri niseme lolote. Mimi nikaendelea kukaza nati ambayo ilikwisha kukaza.

"Siku ile nilichemsha," nikasema.

Hakuuliza siku gani. "Ulichemsha kweli, Bisibisi. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi."

"Usiende."

Akautazama mvuke. "Neno hilo moja tu. Siku ile ningefungua mabegi palepale."

"Na leo?"

"Leo nimeshafika huko, bado mwili tu." Akafuta macho kwa mtandio. "Nifungie gari yangu, tafadhali."

Nikachukua themostati mpya, nikaitia kwenye maji yale yale. Ikafunguka bila tabu. Nikaifunga kwenye injini, nikajaza maji, nikawasha. Nilisimama pale nikiuombea mshale upande hadi nyekundu, mimi, fundi mzima. Ukafika katikati, ukatulia.

Akaingia, akashusha kioo. "Nikiwa milimani nitajuaje kama imepona?"

"Angalia mshale. Ukipanda, simama, zima, nipigie. Nitakuja popote ulipo."

"Na ukikaa katikati?"

Ningeweza kutunga uongo wowote, na angeniamini, kwa mambo ya injini ananiamini mpaka leo. Nikashika mlango wa gari lake kwa mikono miwili.

"Ukikaa katikati, endelea tu."

Akaendelea. Kutwa nzima nilifanya kazi na simu mfuko wa kifuani, na kila gari lililoingia niliomba wapunguze muziki. Haikulia. Kazi yangu naijua, haiwezi kulia.