Pole ya Mtoto Aliye Hai

"Mlikuja kumwona nani, Mama Sam? Niambie! Mlikuja kumwona nani?"

Sauti ya Winfred ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa, lakini ghorofa nzima ilisikia, na wenye masikio mepesi, ambao katika mtaa huu wa ughaibuni uitwao Jane na Finch hawakosekani, walikuwa wameshafungua milango yao kidogo. Kagendo, ndiye huyo Mama Sam, alisimama koridoni na koti lake na funguo za gari, akihama mguu huu na mguu ule kama mtu aliyebanwa na mkojo.

"Nimekosea, mama. Si nimesema nimekosea? Fungua tuongee kama watu."

"Uongee na wale uliowaleta! Mmoja alinishika mkono akaniambia Mungu atanipa mwingine. Mwingine! Huyu niliye naye amewakosea nini?"

Kagendo, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akabaki kuzungusha funguo kidoleni.

Mambo yalikuwa hivi. Winfred alijifungua mimba haijafika miezi saba, mtoto akalazwa wodi ya vichanga mahututi, na Kagendo ni muuguzi wa wodi hiyo hiyo. Sasa muuguzi haruhusiwi kutoa nje habari za mgonjwa, hata kwa mchungaji. Basi yule mwanamke ambaye ukinunua sofa yeye huwa na habari kabla sofa haijaingia kwenye lifti, safari hii alijifunga mdomo. Aliandika tu kwenye kundi la akina mama wa kanisa: Winfred amejifungua, Jumamosi twende tukamwone. Alidhani anampa moyo. Kwake yeye hakuna huzuni isiyopungua nyumba ikijaa watu. Wakaja na vigelegele, nepi, na uji wa wimbi kwenye chupa za chai. Wakamtafuta mtoto sebuleni, wakamtafuta chumbani. Walipomkosa wakatazamana, wakadhani amefariki, vigelegele vikakatika, na mmoja akaanzisha wimbo wa msiba.

Tangu siku hiyo Winfred hakukanyaga hospitali. Mumewe, Kipchirchir, alikuwa njiani na lori huko Alberta, mkoa wa mbali, akipiga simu zisizoshikwa. Kila zamu Kagendo alikiona kile kiti kando ya inkubeta, kitupu, na mle ndani mtoto mwepesi kuliko pakiti ya unga. Na leo daktari alikuwa amekubali mtoto atolewe, awekwe kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto na kuyasikia mapigo ya moyo anayoyajua. Wodi ilikuwa imempigia Winfred simu wee. Hashiki.

"Wanakungoja, Winnie. Leo ndiyo siku ya kumshika."

Kitasa kiligusika kwa ndani, kikaachiwa. Kisha sauti ndogo: "Na nikimshika halafu afe? Pole mmeshanipa. Itakuwa mlitangulia tu."

Mlango wa jirani ukafunguka wote. Bi Bilkis, mtu wa Dar, mtandio kichwani, tasbihi mkononi.

"Jamani, mbona mnaniharibia sala? We binti, huyo mtoto kafa?"

"Hajafa."

"Basi anayemkalia matanga ni nani? Wale wanawake walikunywa chai wakaenda zao. Wewe ndiye umebaki unaendeleza! Vaa viatu, usinichoshe."

Kagendo aliuma midomo. Maneno hayo yangetoka kwake, mlango ule usingefunguliwa mwaka mzima. Lakini komeo lililia, na Winfred akatoka, macho mekundu, viatu mkononi.

Garini Kagendo aliongea tangu mtaani mpaka mjini, foleni hii, theluji hii, na huyo Bi Bilkis na ulimi wake, kwa sababu akinyamaza alimsikia mwenzake akihema. Winfred alishusha kioo, akakipandisha, akakishusha tena.

Wakanawa mikono hadi kwenye viwiko. Kagendo, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuelekea nyaya za mtoto, na Melissa, muuguzi wa zamu, akamkata jicho. "Leo wewe ni mgeni. Shika mkoba wa mwenzako."

Mtoto akawekwa kifuani, kofia kichwani, mirija puani. Hajamaliza kufunikwa, mashine ikaanza kulia. Namba ya oksijeni ikashuka, ikazidi kushuka.

"Mchukueni! Si niliwaambia? Mchukueni!"

Kagendo aliukumbatia mkoba. Aliijua kengele ile. Mara nyingi mtoto huchoka kwa kuhamishwa tu, halafu hutulia. Mara nyingi. Zile mara nyingine nazo alizijua.

Melissa aliuweka mrija sawa, macho yake kwa mtoto, si kwa skrini. "Mama, kiganja mgongoni mwake. Usimpapase, kiache hapo. Ongea naye."

"Niongee nini?"

"Chochote," Kagendo akasema. "Nisengenye hata mimi."

Winfred akainama. "Huyu mwanamke," akamwambia mtoto, "alileta kanisa zima nyumbani bila kuuliza. Wamekunywa maziwa yote. Na yule mnene, mke wa mzee wa kanisa, amevunja kikombe akakisukuma chini ya kochi, anafikiri sikumwona..." Akaendelea, akiwateta mmoja baada ya mwingine, na namba ikasita, ikapanda, ikateleza kidogo, ikapanda tena. Mashine ikanyamaza. Kidole chembamba kikajikunja kwenye ngozi yake.

Winfred hakuthubutu kuacha. Kila alipoishiwa watu alitazama skrini, akashtuka, akatafuta mwingine wa kumsema. Mpaka Melissa akasema inatosha kwa sasa, mtoto apumzike, mama arudi jioni akitaka.

"Nitarudi," Winfred akasema, akageuka mara mbili kabla ya kufika mlangoni.

Koridoni Kagendo akamshika kiwiko. Mlango wa chumba cha wazazi ulikuwa wazi, na mwanamke mmoja aliyevaa ushungi alikuwa akifunua hotpoti. Harufu ya bizari iliwafikia kabla ya salamu.

"Naitwa Ruqayyah. Nimewasikia na Kiswahili chenu. Mna mtoto humu?"

Kagendo akafungua mdomo, akaufunga. Halikuwa swali lake.

"Ninaye," Winfred akasema. "Mvulana. Yuko pale karibu na dirisha."

"Wangu pacha, upande wa pili. Ingieni basi, dada zangu, mle, pilau bado ya moto."