Maji ya Kupima Upya

Nilipoona vidoa vya buluu vimejaa kwenye kile kisahani cha vipimo, moyo ulifanya paa. Kidoa kimoja au viwili si kitu. Hivi vilikuwa vimetapakaa kama ukurutu, na kila kidoa maana yake ni wadudu wa kinyesi. Sheria ya kikundi chetu cha kujitolea kupima maji ya bahari haina mjomba wala shangazi: maji yakitoka hivyo, bango linasimikwa ufukweni na hakuna anayetia mguu. Na kiongozi wa kikundi, muuguzi mstaafu, ni shangazi yangu wa damu.

Mume wangu ndiyo kwanza mguu ulikuwa umeanza kumtii. Tangu apigwe na kiharusi, fundi bomba mzima, kazi yake ikawa kukaa kitini na kufokea redio. Nchi kavu anaanguka. Baharini anatembea. Mkimnyang'anya bahari mmemmaliza.

"Shangazi, hiki kisahani tujifanye hatujakiona," nikasema. Nilijua nasema upuuzi.

"Halafu umpeleke mumeo akaoge kinyesi?"

Hasira zilinijaa na sikuwa na wa kumkasirikia.

Akainua chupa niliyochotea maji kwenye mwanga wa dirisha. "Huu mchanga umetoka wapi?"

Kweli, chini palikuwa na mchanga, kiasi cha chumvi ya kutia kwenye yai. Nikakumbuka. Wakati nachota, mheshimiwa mume wangu alikuwa anapita mbele yangu akiburuta mguu, "nitazame, mama watoto, nitazame," akayavuruga maji yote. Nami badala ya kungoja yatulie, nikachota huku nacheka. Uchafu hujificha mchangani. Nilipima mchanga, sikupima bahari.

"Karudie," Shangazi akasema. "Na huyo bwana abaki nyumbani."

Nikarudi peke yangu. Nilisimama maji ya magoti nikangoja mpaka nikaona kucha zangu, ndipo nikanyoosha mkono mbali na miguu, nikachota. Kesho yake Shangazi alifungua kisanduku cha joto tulimolaza kipimo usiku kucha, akakitazama kisahani, akakaa kimya makusudi. Mwanamke yule ana roho mbaya, Mungu amsamehe. Kisha akanisogezea.

Cheupe pe. Hata kidoa kimoja hakuna. Nililia mbele za wenzangu wa kikundi, kamasi na yote, wala sikuona haya.

Nyumbani nilimkuta mume wangu kavaa suruali ndefu na viatu vya kamba. Kaptula yake ya baharini alikuwa kaikunja tangu asikie habari za vidoa, kaitia kabatini.

"Usijisumbue," akasema bila kunitazama. "Kiti nimeshakizoea."

"Nani kakutuma ukizoee? Vua viatu. Bahari iko safi."

Akainama kufungua kamba, vidole vikamgomea, macho yamemjaa maji. Nikapiga magoti nimfungulie. Alinishika bega akasimama, nami kiatu cha pili sijakigusa.